Nani Amekosa? Somo Kutoka Birika la Siloamu

SOMO LA BIBLIA KWA VIKUNDI

Masomo ya kusoma kwanza: 2 Wafalme 19:14-19 na 20:1-7, 20, 2 Mambo ya Nyakati 32:2-4, 30, Isaya 22:8-11, Luka 13:1-5, Yohana 9 yote.



Somo la safari hii linatoka mbali, lakini linatuhusu hapa nyumbani. Tafadhali msilisome kwa haraka. Mwenye Biblia aifungue, mwingine asome kwa sauti, na mtu yeyote awe na ruhusa ya kumsimamisha msomaji na kuuliza.

Kila kikundi kinajua jambo hili. Ng'ombe wa mradi akifa, tangi likipasuka, au mwanachama akipata ajali, hata kabla hatujauliza tufanye nini, tunauliza nani amekosa. Mmoja anasema ni mkono wa mtu. Mwingine anasema kikundi kina dhambi ndani yake, ndiyo maana Mungu ameondoa baraka. Wengine hawasemi kitu mkutanoni, lakini njiani wakienda nyumbani wananong'ona. Na yule aliyepata hasara anabeba mizigo miwili, wa msiba na wa maneno ya watu.

Swali hili si geni. Biblia inatuonyesha likiulizwa mara mbili, na mara zote mbili linahusu mahali pamoja panapoitwa Siloamu, katika mji wa Yerusalemu. Mwezi wa Februari 2019 sisi tunaoandika ukurasa huu tulijaliwa kufika huko pamoja na wahujaji wengine kutoka makanisa ya vijijini. Hatukwenda kwa sababu mawe ya huko ni matakatifu kuliko mawe ya kwetu. Tulikwenda kuona, na tulichokiona kilitufanya tuzisome upya habari tulizodhani tunazijua.

1. MAHALI PENYEWE

Yerusalemu ya zamani ilijengwa juu ya mlima, na shida yake kubwa ilikuwa maji. Chemchemi ya kutegemewa ilikuwa moja, inaitwa Gihoni. Iko chini kwenye bonde la Kidroni, upande wa mashariki wa Mji wa Daudi. Mama wa Yerusalemu alifanya kama mama wa kwetu: alishuka bondeni na mtungi, akapanda mlima nao.

Kutoka Gihoni maji yanapita ndani ya mwamba, katika handaki refu lililochongwa kwa mkono, mpaka upande wa pili wa mji. Huko yanaingia katika birika la Siloamu. Kwetu tukisema birika tunafikiria chai, lakini birika la Biblia ni bwawa lililojengwa kwa mawe. Yohana anatuambia kwamba jina Siloamu maana yake ni "aliyetumwa". Jina linafaa, kwa sababu maji yale hayatoki pale. Yametumwa kutoka mahali pengine.

Kwa miaka mingi wageni walionyeshwa birika dogo lililo kwenye mdomo wa handaki. Halafu mwaka 2004 mafundi waliokuwa wakirekebisha bomba la maji machafu karibu na hapo walifikia ngazi za mawe. Wachimbuzi wa mambo ya kale wakaitwa, wakakuta kumbe ni birika kubwa la wakati wa Yesu. Upande mmoja wake una urefu wa karibu mita 70, na ngazi zake zimepangwa tano tano ili watu washuke majini bila shida. Imepatikana pia barabara ya mawe yenye ngazi, inayopanda kutoka hapo kuelekea mahali Hekalu lilipokuwa.

Jina la Siloamu bado liko hai. Mtaa wa pale unaitwa Silwan. Wakaaji wake wengi ni Waarabu wa Palestina, na kuna familia za Kiyahudi zilizohamia humo. Ugomvi wa ardhi na nyumba ni mkali, na tuliona walinzi wenye bunduki hatua chache kutoka kwenye ngazi za birika. Tunalisema hili ili mtu asidhani kwamba kukaa karibu na mahali patakatifu kunamaliza ugomvi wa mpaka. Hata sisi tuna makanisa yaliyo katikati ya mashamba yenye kesi.

2. KAZI YA MFALME HEZEKIA

Yapata miaka 2,700 iliyopita, Hezekia alikuwa mfalme wa Yuda. Dola kubwa ya wakati ule ilikuwa Ashuru. Waashuri walikuwa wameshaangusha Samaria, na mwaka 701 kabla ya Kristo mfalme wao Senakeribu alikuja na jeshi kupigana na Yuda.

Fikirini juu ya mji uliozingirwa. Chakula mnaweza kuweka ghalani, lakini maji yako nje ya ukuta, mahali adui atakapopiga kambi. Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinasema kwamba Hezekia alifanya shauri na wakuu wake, wakaziziba chemchemi za nje ili Waashuri wasipate maji, na maji ya Gihoni akayaelekeza chini mpaka upande wa magharibi wa mji. Wataalamu wengi wanakubali kwamba handaki tunaloliona leo ndilo hilo, ingawa wako wanaosema lilianza kuchimbwa mapema kidogo.

Handaki lina urefu wa mita 533. Kama lingenyooka lingekuwa mita 320 hivi tu, lakini linazunguka kama nyoka. Upana wake ni kama sentimita 60, kwa hiyo watu hupita mmoja mmoja. Mahali pengine mtu mrefu huinama, na karibu na mwisho paa liko juu sana. Ajabu yenyewe ni mteremko. Kutoka mwanzo mpaka mwisho handaki linashuka kama sentimita 30 tu, na maji bado yanakwenda. Ninyi mliochimba mifereji ya shamba mnajua hiyo ni kazi ya namna gani, tena gizani, kwa nyundo na patasi na taa ya mafuta.

Wachimbaji walikuwa makundi mawili. Moja lilianza upande wa chemchemi, lingine upande wa birika, wakaja wakakutana katikati. Tunajua hivyo kwa sababu waliandika. Mwaka 1880 kijana mmoja mwanafunzi aliona maandishi ukutani, karibu na mwisho wa handaki. Ni mistari sita ya Kiebrania cha kale. Baadaye maandishi yale yalikatwa yakatolewa, na sasa yako katika jumba la makumbusho mjini Istanbul, kwa maana wakati ule Yerusalemu ilikuwa chini ya utawala wa Waturuki. Yanaeleza kwamba zilipobaki dhiraa tatu tu, watu wa upande huu walisikia sauti za wenzao wa upande ule wakiita. Wakapiga mwamba kuelekeana, sururu kwa sururu, mpaka ukatoboka, na maji yakapita dhiraa 1,200.

Katika mistari hiyo jina la mfalme halimo. Hakuna sifa za mkubwa yeyote. Kilichoandikwa ni kazi ya wachimbaji, na jinsi walivyosikilizana.

3. TULIPOPITA NDANI

Tuliingia kwa tochi. Mwanzoni maji yalifika mapajani, nayo ni baridi, kisha yakashuka chini ya magoti. Ukutani alama za patasi bado zinaonekana. Upande wa kwanza zinaelekea mbele, halafu inafika mahali zinageuka na kuelekea upande wa pili. Hapo ndipo walipokutana. Karibu na hapo kuna vijishimo vifupi vilivyoachwa, mahali walipoanza kuchimba wakaona wamekosea, wakarekebisha.

Mmoja wetu alisema tuzime tochi kidogo. Tukazima. Lilikuwa giza ambalo hata mkono wako huuoni. Kilichobaki ni sauti ya maji na sauti ya mwenzako aliye mbele akisema, "Njoo, hapa ni sawa, inama kidogo."

Pale gizani wengi wetu tulijiuliza swali moja kila mtu kimoyomoyo: imani yangu ni nini hasa? Kanisani kuna mwanga, kuna nyimbo, kuna majirani wanaoniona. Hapa hakuna anayeniona. Je, ninaamini kwa sababu ninaona njia, au kwa sababu ninamwamini anayeniita? Tuliona kwamba imani yetu nyingi ni ya mchana, ya wakati mvua imenyesha na watoto wana afya. Imani ya gizani ni kusikiliza sauti na kuinua mguu.

4. SALA NA SURURU

Katika vikundi vyetu kuna watu wa aina mbili, na mara nyingi hawapatani. Mmoja husema, "Tuombe, Mungu atatenda." Mwingine husema, "Maombi ni ya Jumapili, leo tushike majembe." Hezekia hakuwa wa upande mmoja. Alichimba handaki. Na barua ya matisho ilipoletwa na wajumbe wa Senakeribu, aliichukua akapanda nayo Hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana, akaomba.

Alipougua karibu kufa ilikuwa vilevile. Aliomba akilia, Mungu akasikia. Halafu nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, naye akapona. Mungu aliyesikia maombi hakuona aibu kutumia dawa. Ndugu anayekataza mgonjwa asipelekwe zahanati ati kwa sababu ya imani, asome mlango huo tena.

Lakini Isaya ana neno pia kwa watu wa sururu. Katika mlango wa 22 anawataja watu wa Yerusalemu waliohesabu nyumba, wakabomoa nyingine ili kuimarisha ukuta, wakatengeneza mahali pa maji kati ya kuta mbili. Hawakaripii kwa kuchimba. Anawakaripia kwa sababu walichimba bila kumtazama yeye aliyeyafanya hayo tangu zamani. Handaki halikuumba maji, liliyapeleka tu. Chemchemi ilikuwako kabla ya Hezekia, na bado inatoka leo. Kikundi kinapofungua mradi kwa sherehe na hotuba nyingi, ni vizuri kukumbuka tofauti hiyo.

5. YERUSALEMU ILIPONA, LAKISHI HAIKUPONA

Sasa tufike mahali pagumu. Biblia inasema Yerusalemu iliokolewa, Senakeribu akarudi kwao. Hata maandishi ya Senakeribu mwenyewe hayadai kwamba aliuteka. Anajivuna tu kwamba alimfungia Hezekia ndani ya mji wake kama ndege ndani ya tundu.

Lakini maandishi hayohayo yanasema aliteka miji 46 ya Yuda yenye kuta. Mmoja wao ni Lakishi. Senakeribu alichonga picha za vita hivyo kwenye mawe ya jumba lake kule Ninawi, na mawe hayo sasa yako London katika jumba la makumbusho la Uingereza. Yanaonyesha watu wa Lakishi wakitoka na watoto na mizigo yao juu ya magari ya ng'ombe, wakipelekwa uhamishoni, na wengine wakiuawa.

Je, Lakishi hakukuwa na mtu aliyeomba? Hakukuwa na mama aliyepiga magoti na mtoto mgongoni? Hatuwezi kuamini hivyo. Basi mtu asiseme, "Yerusalemu ilipona kwa sababu watu wake waliomba vizuri, na Lakishi iliangamia kwa sababu haikuomba." Biblia haisemi hivyo. Mtu akifundisha kwamba imani ni kama hundi, unaipeleka na unalipwa, amewasahau watu wa Lakishi. Na katika kila kikundi kuna mtu wa Lakishi, aliyeomba kwa machozi na bado akazika.

6. MNARA ULIOANGUKA

Tulipotoka handakini tuliketi kwenye zile ngazi za mawe kukausha miguu. Mwenzetu mmoja, mama mjane, alisema, "Mwalimu, tusomee ile ya mnara." Tukafungua Luka 13. Yesu anakumbusha habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa. Anauliza kama wasikilizaji wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wote wa Yerusalemu. Halafu anajibu mwenyewe kwamba sivyo.

Mama yule akatuambia kwa nini aliomba tusome hapo. Bwanake alikuwa fundi wa visima. Kikundi kimoja kilimpa kazi, na baada ya mvua kubwa, wakati amefika chini sana, udongo uliporomoka ukamfunika. Kwenye matanga watu walianza kunong'ona. Wengine walisema alikuwa amekula pesa ya mtu. Wengine walisema ni kwa sababu alikuwa ameacha kuja kanisani. "Miaka kumi na moja," mama alisema, "naulizwa alikosa nini. Hata watoto wangu wameulizwa shuleni. Na hawa kumi na wanane nao walikuwa na mabibi nyumbani. Mimi naona Yesu alikuwa anawajibu watu waliokuwa wakiwanong'ona hao mabibi."

Tulinyamaza. Tumesikia mahubiri mengi juu ya mlango huo, lakini hatujasikia fafanuzi iliyo wazi kuliko hiyo.

Baadaye alitueleza jambo lingine. Kikundi kile kilikuwa kimeamua kutonunua zile pete za saruji tunazoziita kalvati, ili kupunguza gharama. Marehemu alikuwa ameziomba. Lakini kwa vile kila mtu alikuwa akiuliza juu ya dhambi ya marehemu, hakuna aliyeuliza juu ya kalvati. Swali la dhambi lilifunika swali la saruji.

Hapo ndipo tunataka mtuelewe vizuri. Hatusemi kwamba watu wasiulizwe. Mweka hazina lazima atoe hesabu, na kamati ieleze uamuzi wake. Hilo ni swali la wajibu, na Mkristo halikimbii. Swali analolikataa Yesu ni lile linalomgeuza aliyeumia kuwa mkosaji, ili sisi wengine tujione tuko salama. Na angalieni Yesu anamalizaje: anawageukia walio hai na kuwaambia wao watubu. Marehemu hawezi kurekebisha kisima. Sisi tunaweza.

7. KIPOFU ALIYETUMWA

Habari ya pili iko Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali linakuja lilelile: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu anakataa yote mawili. Halafu anazungumza juu ya kazi, kwamba imetupasa kuzifanya kazi za Mungu maadamu ni mchana. Wanafunzi wanatazama nyuma kutafuta chanzo cha shida. Yesu anatazama mbele, mahali kazi ya Mungu itakapoonekana.

Anatengeneza tope, anampaka machoni, anamwambia aende akanawe Siloamu. Sisi tuliouona mteremko ule tulielewa ugumu wa agizo hilo. Kama alikuwa karibu na Hekalu, jinsi mlango wa 8 unavyomalizika, basi alishuka njia ndefu ya ngazi, haoni, na uso umejaa tope. Watu bila shaka walimtazama, labda wakacheka. Yohana hasemi kwamba kulikuwa na mtu wa kumshika mkono. Wala hakuwa amepona bado alipoanza safari. Alikwenda kipofu, akanawa, akarudi akiona.

Halafu tazameni yaliyofuata. Majirani wanabishana. Mafarisayo wanamhoji. Wazazi wake wanaogopa kufukuzwa katika sinagogi, kwa hiyo wanasema mtoto wao ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Huyu mtu anabaki peke yake. Hana elimu ya sheria. Ana jambo moja tu lililompata mwenyewe, na hawezi kulikana. Wanamfukuza. Yesu anaposikia amefukuzwa, anakwenda kumtafuta.

Hii ndiyo imani ya mtu binafsi. Mama yako anaweza kukubeba kwenda ubatizo, na mchungaji anaweza kukufundisha, lakini iko siku utaulizwa wewe, na wazazi watasema, "Muulizeni mwenyewe." Siku hiyo imani ya kuazima haitoshi. Kule handakini hakuna aliyeweza kutembea kwa miguu ya mwingine. Lakini hakuna aliyetembea peke yake pia, kwa sababu sauti ya mwenzake ilikuwa mbele.

8. MAMBO YA KUFANYA KATIKA KIKUNDI

Imani inayosema mbele za Mungu ni lazima ionekane kazini. Kwa vikundi vinavyochimba visima kwa mkono, tunaomba haya yasipuuzwe:

- Msichimbe bila kuzuia udongo. Mahali penye mchanga au udongo laini, shusheni kalvati kadiri mnavyochimba, msingoje mpaka mwisho. Baada ya mvua kubwa kazi isimame mpaka fundi akague kuta.

- Kabla mtu hajaingia, shusheni taa ya moto kwa kamba. Ikizimika, hewa ya chini haifai, mtu asiingie. Na hata isipozimika msijiamini sana, kwa sababu kuna hewa mbaya isiyozima moto. Fundi akijisikia kichwa kizito atolewe mara moja.

- Msiweke injini ya petroli au dizeli ndani ya kisima. Moshi wake unaua mtu haraka.

- Mchimbaji afungwe kamba imara, na juu wawepo watu wawili au zaidi wakati wote. Mtu akianguka chini kwa sababu ya hewa, mwingine asirukie ndani kumwokoa. Wengi wamekufa hivyo, wa pili akimfuata wa kwanza.

- Udongo, mawe na vifaa viwekwe mbali na mdomo wa kisima.

- Fundi akisema kazi ina hatari, aandikwe katika kumbukumbu za mkutano na ajibiwe. Asiambiwe kwamba hana imani.

Na kama ajali imeshatokea, kikundi kiende kwa jamaa ya aliyeumia. Kiende na chakula, na kazi ya mikono, na kikao kirefu. Maneno yawe machache. Na yule atakayeanza kunong'ona, mwenyekiti amsomee Luka 13.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni jambo gani baya lililotokea na tukauliza "nani amekosa?" kabla ya kuuliza "tufanye nini?" Yuko mtu anayebeba maneno yetu mpaka leo?

2. Tuko upande gani zaidi, wa sala au wa sururu? Upande wa pili tunawasikiliza, kama wale wachimbaji walivyosikilizana ndani ya mwamba?

3. Tuna kusema nini kwa mtu aliyeomba na asipate alichoomba? Ni maneno gani tuache kumwambia?

4. Yule kipofu alitembea na tope usoni kabla hajapona. Kuna jambo ambalo wewe mwenyewe umetumwa kufanya, na unangoja kwanza uone ndipo uanze?

5. Kuna kazi yoyote ya kikundi chetu ambamo tumepunguza gharama kwa kuhatarisha maisha ya mtu? Nani atalileta jambo hilo katika mkutano ujao, na lini?

Swali la tano likijibiwa, katibu aandike jibu pamoja na tarehe na jina la aliyekabidhiwa. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma mstari huo, kabla ya shughuli nyingine yoyote.

SALA

Ee Mungu, wewe ndiwe uliyeiweka chemchemi kabla hatujachimba. Utusamehe maneno tuliyowawekea watu walioumia. Wafariji wajane na yatima ambao wameulizwa maswali badala ya kupewa mkono. Tupe masikio ya kuisikia sauti ya mwenzetu aliye upande wa pili wa mwamba. Tuko na tope machoni, lakini umetutuma, nasi tunakwenda. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.